Kwa Nini Kwotabeki Huchagua Mfumo Kabla ya Jezi

Msimu wa usajili ukikaribia, wazazi wenzetu walioko Texas, Ohio na Minnesota hunitafuta na swali lile lile: kijana ameitwa na vyuo viwili vitatu, kipi ndicho kikubwa? Kwa mlinzi au mpokeaji, swali hilo lina maana yake. Kwa kwotabeki, linakuja mapema mno. Kazi yangu ni kuchambua video za makwotabeki wa sekondari hapa Marekani, na kabla ya kuhesabu makombe ya chuo hutaka kwanza kujua kocha wake anashambulia vipi.

Kwa waliozoea soka zaidi: katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi. Aurushe, amkabidhi mkimbiaji, au atoke nao mwenyewe. Wapokeaji wanaweza kuwa uwanjani watatu au wanne kwa wakati mmoja. Kwotabeki ni mmoja, na akishapata namba hatoki mpaka aumie au avurunde. Ndiyo maana vyuo vingi hulenga kusajili kwotabeki mmoja tu kwa mwaka. Nafasi ni finyu kwa pande zote mbili, na kijana aliyeingia kwenye mfumo usiomfaa atasugua benchi hata kama ana nyota tano, daraja la juu kabisa la wachezaji wa sekondari.

Chukua shambulizi moja tu la mfumo wa opsheni. Kwotabeki anasimama yadi nne au tano nyuma ya mstari, mkimbiaji yuko ubavuni mwake. Mpira ukifika, anausukumiza tumboni kwa mkimbiaji lakini hauachii. Macho yake yako kwa mlinzi mmoja wa pembeni, ambaye ameachwa makusudi bila mtu wa kumzuia. Mlinzi akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kupita pale pale mlinzi alipohama. Mlinzi akibaki, anauachia. Yote hayo ni chini ya sekunde moja. Sasa mweke hapo kijana wa futi 6 na inchi 6 mwenye mkono wa chuma na miguu ya mnara wa simu. Mlinzi hana sababu ya kumhofia, atamvamia mkimbiaji kila mara, na mchezo umekufa.

Mfumo ule mwingine, wa kizamani unaofanana na wa NFL, ligi ya kulipwa, unadai kingine kabisa. Kwotabeki anaupokea mpira mikononi mwa senta, mchezaji aliyeinama mbele yake, anarudi hatua tatu, tano au saba, na mguu wa mwisho unapotua lazima ajue kama mpokeaji wa kwanza yuko huru au ahamie kwa wa pili. Hapo urefu unasaidia, na utulivu unasaidia zaidi. Kasi ni ziada.

Hakuna mahali palipoonyesha tofauti hiyo wazi kama Michigan. Kocha Lloyd Carr alistaafu baada ya msimu wa 2007, akamwacha kwotabeki chipukizi Ryan Mallett, mrefu, mwenye mkono wa kutisha, aliyesajiliwa kwa ajili ya mfumo wa kurudi nyuma na kurusha. Chuo kikamleta Rich Rodriguez kutoka West Virginia, mwalimu wa opsheni. Mallett hakungoja. Alihamia Arkansas, na kwa kanuni za wakati ule akakaa msimu mzima wa 2008 bila kucheza. Terrelle Pryor, kwotabeki mwenye miguu aliyesakwa na nchi nzima mwaka huo, akachagua Ohio State, mahasimu wakubwa. Rodriguez akabaki na mfumo usio na mtu wa kuuendesha, na Michigan ikamaliza 2008 kwa ushindi 3 na vipigo 9.

Mwaka uliofuata akampata mtu wake: Denard Robinson kutoka Florida, mwepesi kupita kiasi. Mwaka 2010 Robinson alikimbia yadi 1,702, rekodi ya kwotabeki katika daraja la juu la vyuo kwa wakati ule. Kibarua cha Rodriguez kiliota nyasi hata hivyo, kwa sababu ulinzi wake ulikuwa unavuja. Kinachonivutia zaidi ni mwisho wa hawa vijana wawili. Mallett alichukuliwa na New England Patriots kama kwotabeki katika drafti ya 2011, zamu ya timu za NFL kuchagua wachezaji wa vyuo. Robinson alichukuliwa na Jacksonville mwaka 2013, na huko akawa mkimbiaji. Mfumo ulimpa jina chuoni, lakini haukumfundisha kazi ambayo NFL ilikuwa inalipia.

Hiyo ndiyo hoja ambayo makocha wapinzani huipeleka sebuleni kwa wazazi: "Mkimpeleka kule, asahau NFL." Georgia Tech waliisikia kwa miaka yote ya kocha Paul Johnson, kuanzia 2008 hadi 2018. Johnson alicheza opsheni ya njia tatu, ambayo kwotabeki wake hurusha mara chache mno. Warushaji wazuri walimkwepa, tena kwa haki yao. Hata aliokuwa nao hawakutulia: Vad Lee, aliyeanza kama kwotabeki msimu wa 2013, aliondoka kwenda James Madison, wakati ule chuo cha daraja la chini, ili acheze mfumo wa kutandaza wapokeaji uwanjani.

Lakini tazama nani aliyerithi namba yake. Justin Thomas wa Prattville, Alabama, alikuwa amewaahidi Alabama, ambao walimtaka acheze ulinzi wa nyuma. Georgia Tech wakamwambia atakuwa kwotabeki, naye akageuza uamuzi. Mwaka 2014 alikimbia zaidi ya yadi 1,000, timu ikashinda michezo 11, na ikawafunga Mississippi State 49 kwa 34 katika Orange Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu. Kwangu mimi huo ndio usajili wa akili kuliko wote: chuo kisicho na ubavu wa kupigania vijana wa nyota tano kinatafuta wale ambao wakubwa wamewaona lakini wanataka kuwabadilisha namba. Kijana aliyezaliwa kushika mpira atasafiri mbali kumfuata mtu anayemwambia hatamnyang'anya.

Mike Leach, kocha wa Washington State, alifanya biashara hiyo hiyo kwa upande wa pili wa sarafu. Yeye na Hal Mumme ndio walioujenga Air Raid, mfumo wa kurusha karibu kila shambulizi. Mwaka 2018 Gardner Minshew alikuwa anaelekea Alabama, ambako angekuwa akiba. Leach akampigia kumuuliza kama angependa kuongoza nchi kwa yadi za pasi badala yake. Akaenda Washington State, kweli akaongoza kwa wastani wa yadi za pasi kwa mchezo, na timu ikashinda 11. Chuo cha mji mdogo wa Pullman kilikuwa na pasi nyingi za kumpa, na Alabama haikuwa na nafasi.

Zamani NFL iliwatilia shaka makwotabeki wa Air Raid kama ilivyowatilia shaka wa opsheni. Kisha akaja Patrick Mahomes. Akiwa Texas Tech, Oktoba 2016, alirusha yadi 734 dhidi ya Oklahoma na bado akapoteza. Alichukuliwa wa 10 katika drafti ya 2017, na huko Kansas City akawa bingwa wa NFL. Tangu hapo, maneno ya sebuleni yamepungua makali. Kocha Lincoln Riley, mtoto wa mfumo huo huo, alitoa Baker Mayfield na Kyler Murray, namba moja za drafti za 2018 na 2019, na wote wawili walikuwa wamehamia Oklahoma kutoka vyuo vingine.

Kuhama nako kumekuwa rahisi. Lango la uhamisho, orodha ya wanaotaka kuhama chuo, lilifunguliwa Oktoba 2018, na tangu 2021 mchezaji anayehama mara ya kwanza halazimiki kukaa nje msimu mzima. Yaliyomkuta Mallett yasingemgharimu mwaka leo. Kwa hiyo vijana wengi sasa hununua mfumo wa msimu mmoja, na hapo ndipo ninapowashika wazazi mkono, kwa sababu mfumo hutembea na mwalimu wake. LSU, chuo cha Louisiana, mwaka 2018 ilimpa kwotabeki Joe Burrow tachidauni 16 za pasi, yaani pasi za kufunga. Mwaka 2019 wakamleta Joe Brady kutoka New Orleans Saints kusimamia mchezo wa pasi, na Burrow yule yule akarusha 60. Desemba hiyo vijana walimwaga wino wakiwa wameona maajabu. Januari Brady akarudi NFL, timu ya Carolina Panthers, na msimu wa 2020 LSU ikashinda 5 na kupoteza 5.

Kwa hiyo mkifika chuoni kwa matembezi, acheni wenyeji wawaonyeshe vyumba vya dhahabu na viatu vya bure. Kisha mwulizeni kocha mkuu nani anayechagua mashambulizi ya timu, mkataba wa mtu huyo unaisha lini, na akiondoka, timu itacheza nini.