Agosti Hudanganya: Ninavyomtazama Kwotabeki wa Akiba

Ikifika Agosti simu yangu haitulii. Jamaa zangu waliotawanyika huku Marekani, mmoja Houston, mwingine Minneapolis, wananirushia vipande vya video usiku wa manane: "Kaka, umemwona huyu dogo? Huyu ndiye mwenyewe!" Dogo anayesemwa ni kwotabeki wa akiba wa timu fulani ya futiboli ya Kimarekani. Kaingizwa robo ya tatu, katupa pasi mbili ndefu, uwanja mzima umesimama. Mimi kazi yangu ni kuchambua video za makwotabeki wa sekondari hapa Texas, vijana wa miaka kumi na sita ambao baba zao tayari wanawaona kwenye televisheni. Kwa hiyo jibu langu halibadiliki: "Alikuwa anacheza na nani?"

Wengi hukasirika. Wanadhani nambania dogo.

Kwa asiyeujua mchezo, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kutoka kwa senta, mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele, mwanzo wa kila shambulizi, kisha anaamua kama ampe mkimbiaji, autupe, au akimbie nao mwenyewe. Hakuna nafasi nyingine uwanjani inayobeba mzigo kama huo. Wakenya wanamkumbuka Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kama mlinzi wa mstari wa pili. Mwanaraga mwenye kifua na kasi anaweza kufundishwa kumfuata mwenye mpira na kumwangusha. Kumfundisha mtu kusoma walinzi kumi na mmoja ndani ya sekunde mbili na nusu ni habari nyingine, na ndiyo maana kwotabeki wa pili mzuri ni adimu.

Kambi za timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huu, huanza na wachezaji 90, na kabla ya msimu lazima wabaki 53. Katikati zinachezwa mechi za maandalizi, tatu kwa timu nyingi tangu 2021, zamani zilikuwa nne. Matokeo yake hayaingii kwenye msimamo. Ukitaka picha yake, fikiria bonanza ambalo nusu ya wachezaji wanapigania mkate wao na nusu nyingine wanapigania wasiumie. Mastaa wanacheza dakika chache au hawavai jezi kabisa. Kufika robo ya nne, huenda anayemkaba mpokeaji wako ni kijana ambaye Jumanne ataambiwa arudishe kitabu cha mipango na kukabidhi kabati lake.

Halafu walinzi nao hawaonyeshi makucha. Kocha gani atafungua mitego yake yote Agosti, wakati wapinzani wa Septemba wamekaa wanarekodi? Wanakaba kwa namna mbili tatu za kawaida, mtu kwa mtu au eneo, na unaiona kabla mpira haujaanza. Kwotabeki mwenye mkono mzuri akipewa mtihani wa namna hiyo lazima afaulu.

Hapo ndipo ninapotaka kumleta Dak Prescott, kwa sababu Agosti yake ya 2016 ndiyo ninayoitumia kufundishia.

Alichaguliwa na Dallas Cowboys katika raundi ya nne ya drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, namba 135, kwotabeki wa nane kuchaguliwa mwaka ule. Hata Dallas wenyewe hawakuwa wanamlilia. Walijaribu kupanda juu kwenye foleni ya kuchagua wampate Paxton Lynch, Denver wakawawahi. Wakamtaka Connor Cook, Oakland wakamchukua. Prescott ndiye aliyebaki mezani. Alitoka chuo kikuu cha Mississippi State, ambako alizoea kupokea mpira akiwa amesimama mbali nyuma ya senta, na wengi tulisema itamchukua muda kujifunza kusimama mgongoni kwa senta na kurudi nyuma kwa hatua. Kambini Oxnard, California, alikuwa wa tatu. Mbele yake walikuwa Tony Romo na Kellen Moore. Mwanzoni mwa Agosti Moore akavunjika mguu mazoezini, na magazeti yakaanza kuuliza ni mkongwe gani atakayesajiliwa haraka.

Tarehe 13 Agosti, Los Angeles, Romo akapumzishwa. Rams walikuwa wamerudi mjini baada ya zaidi ya miaka ishirini, na uwanja wa Coliseum ulijaa watu zaidi ya 89,000 kwa mechi isiyo na pointi. Prescott akaanza. Pasi 12, zilizofika 10, yadi 139, tachidauni mbili (yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), moja kwa mpokeaji Dez Bryant na moja kwa mwenzake Terrance Williams. Wiki iliyofuata dhidi ya Miami akatupa 15 zikafika 12, yadi 199, tachidauni mbili za pasi na mbili akakimbia nazo mwenyewe. Ukijumlisha na mechi ya Seattle, ambayo nitaifikia, Agosti yake iliishia pasi 39 kati ya 50, yadi 454, tachidauni tano za pasi, na hakuna hata pasi moja iliyonaswa na adui.

Takwimu tamu. Lakini takwimu tamu za Agosti nimeziona nyingi, na wenye nazo wengi leo wanafanya kazi nyingine. Ukinikuta natazama mikanda ile ya Prescott, utaniona nimeweka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha picha, na mkono wa pili nina saa. Mpira sioni hata unakoangukia. Natazama miguu.

Jaribu siku moja. Simamisha picha pale kwotabeki anaporudi nyuma. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hatua ya tano ndiyo breki: mguu wa nyuma unajichimbia ardhini, na kama anajua anachofanya, mpira unaondoka hapohapo, kwa sababu mpokeaji naye amehesabu hatua zake na anageuka wakati huohuo. Asiyejua anafika kwenye ile hatua ya tano halafu anaanza kudundadunda kama mtu anayesubiri daladala kwenye mvua. Anadunda mara mbili, mara tatu. Wakati huo ukuta wa watu watano mbele yake umeshaanza kubomoka. Dhidi ya walinzi wa robo ya nne anaponea, na pasi inafika. Kwenye takwimu pasi zote mbili zinaandikwa "imefika". Kwangu ni mbingu na ardhi.

Prescott, ambaye tuliambiwa hajui hatua, alikuwa hadundi.

Baada ya miguu, macho. Kijana wangu mmoja hapa shuleni ana mkono wa kutisha, anaweza kurusha mpira yadi hamsini akiwa amepiga goti. Lakini tangu anaitisha mpira amemkodolea macho mpokeaji anayemtaka, na mlinzi wa nyuma anakuja zake kama aliyealikwa harusini. Namwambia, "Wewe dogo unampigia simu kabla." Kibaya zaidi ni macho yanaposhuka. Wakubwa wawili wa kilo mia na thelathini wanakujia, ni silika ya binadamu kuwaangalia. Kwotabeki wa kweli anawahisi tu, anasogea nusu hatua ndani ya ukuta wake, kichwa kikiwa juu, macho yakiwa mbali. Hilo halifundishiki kirahisi, na mimi nimejaribu. Tunawarushia mito ya mazoezi kifuani huku wanatupa, na bado wako wanaofumba macho.

Cha mwisho ni kile anachofanya mpango ukiharibika. Timu nyingi huwaandalia vijana pasi ya kwanza iliyo rahisi, karibu ya bure. Ikifungwa je? Anakwenda kwa mpokeaji wa pili, wa tatu, au anakimbilia pembeni na kutumaini Mungu? Katika mechi nzima ya maandalizi utapata shambulizi tano au sita za aina hiyo. Hizo ndizo ninazozikata na kuziweka pembeni. Zile tachidauni zinazozunguka kwenye simu zenu sizihitaji.

Sasa nikiri la kwangu. Mwaka 2023 nilijisahau. Cleveland Browns walikuwa na Dorian Thompson-Robinson kutoka chuo kikuu cha UCLA, raundi ya tano, namba 140. Kwenye mechi ya kufungua pazia kule Canton dhidi ya Jets alitupa pasi 11, zikafika 8, na tachidauni moja. Agosti yote alikuwa mtulivu, mguu mwepesi, kichwa juu. Klabu yenyewe ilimwamini kiasi cha kumpeleka Arizona mkongwe Joshua Dobbs, na kijana akawa wa pili nyuma ya Deshaun Watson. Mimi nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, kwa herufi kubwa, kwamba huyu yuko tayari. Maneno yale bado yapo. Kuna binamu yangu ameyabandika juu kabisa na hataki kuyatoa.

Tarehe 1 Oktoba bega la Watson likakataa, kijana akaanza dhidi ya Baltimore Ravens. Ulinzi ule ulikuwa wa Mike Macdonald, na Macdonald ni fundi wa kujificha. Walinzi wanasimama kama wanakaba mtu kwa mtu, mpira ukianza kila mmoja anahamia kwake na unakuta wanakaba eneo. Anayeonekana anakuja kuvamia anarudi nyuma, uliyemsahau ndiye anakuja. Pasi 36 zikafika 19, yadi 121, tatu zikanaswa. Browns wakafungwa 28-3. Nilirudia mkanda ule mara nne. Miguu ilikuwa ileile ya Agosti, mizuri. Ila macho yalikuwa yanaona kitu ambacho hakikuwepo, na Agosti hakuna aliyemwonyesha kitu cha namna hiyo hata mara moja. Ongeza na hili ambalo watazamaji hawalijui: wa pili hapati mazoezi. Katika wiki ya msimu, karibu kila zoezi na kikosi cha kwanza ni la kwotabeki namba moja. Wa akiba anashika ubao, anaigiza kwotabeki wa wapinzani ili walinzi wa timu yake wajizoeze, basi. Anaingia kwenye ngoma ambayo hajaisikia ikipigwa.

Nilichokosea ni kutouliza lile swali langu mwenyewe, alikuwa anacheza na nani.

Ukiliuliza kwa Prescott, jibu linakuwa zuri zaidi, ingawa si kwa mastaa wa Rams au Miami. Uzuri upo upande wake. Kwa sababu Moore aliumia na Romo alipumzishwa, kijana alipata wiki nzima za mazoezi na akina Bryant, watu ambao angecheza nao kweli. Wengi wa aina yake huishia kuwatupia wapokeaji watakaokatwa. Bahati? Ndiyo, na ilitokana na mguu wa mtu mwingine. Nayo timu ilikuwa na ukuta wa mbele uliokuwa na Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, na mkimbiaji mgeni wa msimu wa kwanza, Ezekiel Elliott, ambaye angemaliza msimu akiongoza ligi kwa yadi 1,631. Nyuma ya ukuta ule hata mimi ningepata muda wa kufunga kamba za viatu.

Na kocha mkuu, Jason Garrett, alikuwa mtu wa benchi. Sikukuu ya Shukrani mwaka 1994, Troy Aikman wa Dallas na mbadala wake wakiwa majeruhi, Garrett akaingia kama wa tatu dhidi ya Green Bay, akatupa yadi 311, wakashinda 42-31. Romo naye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2003, akasugua benchi hadi Oktoba 2006 alipoingia kipindi cha pili badala ya Drew Bledsoe. Pasi yake ya kwanza usiku ule ilinaswa. Chumba kile kilikuwa kimejaa watu wanaojua benchi linavyouma.

Tarehe 25 Agosti, Seattle, shambulizi la tatu tu la mechi. Romo anakwepa, anakimbia, anajitupa chini vibaya, na Cliff Avril anamwangukia kutoka nyuma. Mgongo ukakunjika. Alikaa pale chini muda, kisha akatembea mwenyewe hadi nje, akasema yuko tayari kurudi. Vipimo vikaonyesha pingili ya mgongo imebonyea na kuvunjika. Prescott akaingia, mbele ya ulinzi uliokuwa unaogopwa kuliko wote wakati ule, na safari hii hakukuwa na vitu vya kurusha mitandaoni: pasi 23, zilizofika 17, yadi 116 tu. Mkanda ule ndio ninaoupenda kuliko ule wa Miami. Pasi fupi, mapema, kwa mtu wa pili, kwa mtu wa tatu. Hadundi.

Mechi ya kwanza ya msimu Dallas walifungwa 20-19 na Giants. Zilizofuata 11 wakashinda zote. Prescott alitupa pasi 176 tangu kuanza maisha yake ya ligi kabla ya kunaswa hata moja, rekodi aliyompokonya Tom Brady. Timu ikamaliza na ushindi 13 na vipigo vitatu, yeye akawa mchezaji bora wa ushambuliaji kati ya wageni wa msimu wa kwanza, kisha Green Bay wakawatoa 34-31 mchujoni. Romo alipona katikati ya msimu. Novemba akasimama mbele ya waandishi wa habari na karatasi mkononi, akasoma kwamba namba sasa ni ya kijana.

Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Philadelphia, 1 Januari 2017, Dallas hawakuwa na la kupigania. Prescott akacheza kidogo, akatolewa. Akaingia wa akiba, jezi namba tisa, miaka 36. Alipewa msururu mmoja wa mashambulizi, akaipeleka timu hadi mlangoni, na akampa tachidauni Terrance Williams, yuleyule aliyempokea kijana kule Los Angeles. Akatoka, akavaa kofia, akasimama pembeni na ubao wake. Akaingia Mark Sanchez kumalizia.