Nyimbo Mbili Zikifanana, Jaji Husikiliza Nini?

Mimi ni wakili wa hakimiliki. Wanamuziki wengi huja ofisini na klipu fupi ya nyimbo mbili zilizobandikwa sambamba, wakiamini ushahidi ndio huo na umetosha. Hautoshi, kwa sababu mahakama haiishii kuuliza kama nyimbo zinafanana. Inauliza kama mdaiwa alinakili, kisha inauliza kama hicho alichonakili kina mwenyewe. Kesi nyingi hufia kwenye swali la pili.

Huwa naanzia kwa George Harrison, aliyekuwa mwanamuziki wa kundi la The Beatles. Wimbo wake My Sweet Lord ulitoka mwaka 1970, na kampuni ya Bright Tunes, yenye haki za He's So Fine, ikadai umetokana na wimbo huo wa kundi la The Chiffons, ulioshika namba moja Marekani mwaka 1963. Uamuzi ulitolewa New York mwaka 1976 na Jaji Richard Owen, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa opera, na anapoandika unaona sikio lake. Aliuvunja wimbo wa zamani akakuta vipande viwili vifupi: sol-mi-re, kinachorudiwa mara nne, kisha sol-la-do-la-do, nacho mara nne. Hakuna kilichokuwa kipya kati ya hivyo. Mpangilio wa vipande hivyo ndio aliouona wa pekee. Tena kipande cha pili kinaporudiwa huingia noti ndogo ya pambo. Harrison alikuwa na kipande cha kwanza mara nne, cha pili mara tatu, nafasi ya nne akaijaza kwa kifungu kingine, na ile noti ya pambo nayo imo, palepale. Mtu anaweza kujikuta ametunga sol-mi-re bila kumsikia yeyote. Mpangilio mzima pamoja na pambo lake ni vigumu mno.

Jaji hakumwita Harrison mwizi. Alisema hakukusudia, akili yake iliukumbuka wimbo bila mwenyewe kutambua. Hata hivyo sheria ilimshika, na mwaka 1981 akaamriwa kulipa dola 587,000. Wateja wangu huona hili ni ukatili. Mimi naona ni haki, maana mwenye wimbo hawezi kupekua kichwa cha mtu ili kuthibitisha nia.

Ila lazima ithibitike kwamba wimbo ulikuwa na njia ya kumfikia mdaiwa. Ukiwa ulivuma nchi nzima, kazi ni nyepesi. Ukiwa haukuvuma, ni mlima. London mwaka 2022, mwanamuziki Sami Chokri alishindwa dhidi ya mwimbaji Ed Sheeran kuhusu kiitikio cha wimbo wa Sheeran, Shape of You. Jaji Zacaroli alikubali kwamba kuna mfanano, akataja na tofauti, lakini hakuridhika kwamba Sheeran aliwahi kuusikia wimbo wa Chokri. Wimbo kuwepo tu kwenye intaneti hakumaanishi kwamba fulani aliusikia.

Sasa swali la pili. Skeli, mdundo wa kawaida na mifuatano ya chodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) inayopigwa kila mahali ni mali ya wote. Katika kesi ya Stairway to Heaven, jopo la raia mwaka 2016 lilikubali kwamba Led Zeppelin walipata nafasi ya kuusikia Taurus wa kundi la Spirit, lakini likakataa kwamba nyimbo zinafanana kisheria. Ubishi ulikuwa juu ya noti zinazoshuka hatua kwa hatua, jambo ambalo wanamuziki wamelifanya kwa karne nyingi. Mahakama ya Rufani ya Marekani iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2020. Katika kesi ya mwimbaji Katy Perry kuhusu wimbo wake Dark Horse, jopo lilimpa mlalamikaji ushindi wa dola milioni 2.78 mwaka 2019, kwa sababu ya noti nane zinazojirudia; jaji akautengua mwaka uliofuata. Naye Sheeran alishinda tena New York mwaka 2023, katika kesi iliyohusu chodi nne.

Ndiyo maana uamuzi wa Blurred Lines, wimbo wa Robin Thicke na Pharrell Williams uliodaiwa kuiga Got to Give It Up wa Marvin Gaye, unanisumbua mpaka leo. Mwaka 2015 warithi wa Marvin Gaye walipewa zaidi ya dola milioni 7, zikapunguzwa hadi takriban milioni 5.3, na rufaa ikagonga mwamba mwaka 2018. Jaji Nguyen wa mahakama ya rufaa, aliyepinga wenzake wawili, alisema wameruhusu mtu kumiliki mtindo wa muziki. Nakubaliana naye kabisa. Mtindo ukiwa na mwenyewe, nani atathubutu kupiga rumba, taarabu au bongo flava?

Kwetu Kenya na Tanzania, kesi kama hizi husikilizwa na jaji bila jopo la raia. Maamuzi ya Uingereza hayamfungi, ila yanaweza kumshawishi, hasa lile la Francis Day & Hunter dhidi ya Bron la mwaka 1963, linalotaka mfanano uambatane na uthibitisho kwamba wimbo mmoja umezaliwa na mwingine. Kwa hiyo anayekuja kwangu namwambia aache klipu. Alete mafaili ya studio yenye tarehe, sauti alizojirekodia akitafuta melodi, na meseji alizoandikiana na prodyuza. Sheeran mwenyewe, baada ya kesi ya London, alisema sasa anajirekodi kwa video kila anapotunga.