Je, intaneti huvunja ujirani?
Tangu miaka ya 1990 watu husema intaneti humfungia mtu chumbani hata akamsahau jirani. Dai hilo lina mzizi. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake walichapisha utafiti wa kaya 73 za Pittsburgh, Marekani: waliotumia intaneti zaidi walionekana kuwa wapweke zaidi, japo kidogo. Magazeti yakalidaka neno. Walichokipuuza wengi ni kwamba Kraut mwenyewe aliwarudia washiriki wale, na mwaka 2002 akaripoti kuwa sehemu kubwa ya madhara yale ilikwisha fifia.

Miaka hiyohiyo Keith Hampton na Barry Wellman walichunguza mtaa mpya nje kidogo ya Toronto, Kanada, walioupa jina la Netville. Nyumba nyingi ziliunganishwa na intaneti ya kasi, nyingine zikakosa. Wenye intaneti walijua majina ya majirani 25 hivi. Wasio nayo, 8 tu. Wenye intaneti walitumiana ujumbe, kisha wakakutana barazani. Tena waliungana kumbana mjenzi kuhusu kasoro za nyumba zao (naam, hasira nayo hujenga ujirani).