Bima ya nyumba Mombasa: inalipa nini, inaacha nini

Mama mmoja wa Kisauni alifika ofisini kwetu baada ya mvua kubwa, picha ziko kwenye simu. Dari ya sebule imeshuka, zulia limelowa chapachapa, televisheni imeingia maji. Bima alikuwa nayo, na kila mwaka akilipa kwa wakati. Mkadiria hasara alipopanda juu ya dari alikuta misumari ya mabati imeliwa na kutu hadi imebaki myembamba kama njiti za kiberiti. Madoa ya zamani kwenye mbao yalionyesha kwamba maji yamekuwa yakipenya hapo misimu kadhaa. Dai likakataliwa, na mama akatuuliza swali tunaloulizwa mara kwa mara: "Sasa nilikuwa nalipia nini?"

Swali hilo alistahili kujibiwa siku aliyonunua bima, si siku ya hasara.

Bima ya nyumba hulipia tukio la ghafla: moto, radi, mtungi wa gesi kulipuka, dhoruba kuezua paa, gari kuparamia ukuta, tangi kufurika au bomba kupasuka, mwizi kuvunja mlango. Kuchakaa polepole hakumo. Na hapa pwani vitu huchakaa kabla ya wakati wake, kwa sababu chumvi ya bahari hula mabati na nondo, na mchwa humaliza mbao kimyakimya. Matunzo hayo ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini mvua iyo hiyo ikija na upepo ukaezua mabati yaliyokuwa mazima, hilo ni tukio, na ndilo bima iliyoandikiwa. Ukibadilisha paa, weka risiti ya fundi pamoja na hati ya bima.

Neno mafuriko lisomwe kwa makini. Aliyeona maji yakijaa mitaani wakati wa mvua za El Niño za Novemba 2023 aangalie kama limo kwenye hati yake, maana bima ya moto peke yake huliweka kama nyongeza ya kulipiwa. Ghasia za kisiasa na ugaidi pia mara nyingi hununuliwa kando.

Nchini Kenya bima ya nyumbani kwa kawaida huuzwa kwa vipande, na kila kipande kina herufi yake. A ni jengo, B ni vitu vya ndani, C ni vitu vya thamani unavyotoka navyo, D ni wafanyakazi wa nyumbani wakiumia kazini, halafu E na F ni madhara utakayomsababishia mtu mwingine kama mwenye nyumba au mkaaji. Usicholipia hakimo. Mpangaji hana haja ya A, lakini friji na kitanda chake haviko ndani ya bima ya mwenye nyumba. Aliyejenga kwa mkopo naye ajue kwamba bima inayodaiwa na benki kwa kawaida ni ya jengo, na benki ndiyo ya kwanza kulipwa. Makochi yakiungua, hiyo ni juu yake.

Kinachotuumiza zaidi sisi tunaoshughulikia madai ni thamani iliyoandikwa. Wengi huandika ndogo ili walipe kidogo. Tuseme nyumba yako ya Bamburi ingegharimu shilingi milioni 6 kuijenga upya, nawe ukaikatia bima ya milioni 3. Jiko linaungua, hasara ni shilingi 800,000. Utadhani umo ndani, kwa kuwa 800,000 haifiki milioni 3. Sivyo. Umekata bima ya nusu ya nyumba, kwa hiyo kila hasara hulipwa nusu: utapata 400,000, na bado ikatwe ile sehemu ya kwanza ambayo mkataba unakutaka ujibebee mwenyewe. Nimewaona wazee wakilia mezani kwa hesabu hii. Mwite mkadiriaji majengo akupe gharama ya kujenga upya, bila bei ya kiwanja, kwa sababu ardhi haiungui. Kisha iangalie tena kila baada ya miaka michache. Saruji ya leo si ya bei uliyojengea.

Tuna jambo letu la Mombasa pia: nyumba bila ardhi. Katika mitaa kama Majengo na Likoni, mtu amejenga nyumba ya Kiswahili juu ya kiwanja cha mwingine na analipa kodi ya ardhi. Jengo ni lake, na hasara yake ni yake, kwa hiyo ana haki ya kuomba kulikatia bima. Aeleze hali hiyo kwenye fomu bila kuficha, na atunze stakabadhi za kodi. Ila bima haitamlinda nyumba ikibomolewa kwa amri ya mahakama au serikali. Paa la makuti nalo litajwe, hata kama ni la kibanda cha uani tu. Ukilinyamazia, kampuni inaweza kukataa dai zima.

Na dhahabu. Seti inayotoka kabatini kwa harusi na kurudi usiku wa manane haimo kwenye B ikiibiwa njiani. Iorodheshwe kwenye C, kwa uzito na thamani yake, pamoja na picha. Hata ikiwa nyumbani, mikataba mingi huweka kikomo cha kulipia vito. Kwa wizi wa nyumbani, kampuni nyingi hutaka alama za kuvunja, na nyumba ikikaa tupu siku nyingi kuliko zilizotajwa, kinga ya wizi husimama. Anayekwenda Hija na familia yote aulize idadi ya siku hizo kabla ya kufunga mlango.

Kwa sheria ya Kenya, kinga huanza malipo yakishapokelewa, kwa hiyo ahadi ya wakala haitoshi. Hasara ikitokea, ijulishe kampuni mara moja, piga picha, usitupe vilivyoharibika, na kwa wizi andikisha polisi. Dai likikataliwa, omba barua inayotaja kifungu cha mkataba kilichotumika kulikataa. Usiporidhika, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko.

Mama wa Kisauni alikuja na barua yake. Hati nzima ilikuwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kumsomea. Tulikaa naye tukaipitia kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kwa muda wa saa moja hivi. Saa hiyo mwombe wakala wako akupe kabla hujatia sahihi.