Kwenye zulia la Kimongolia, nakshi ndiyo inayoshika sufu

Watu hunitumia picha za nakshi za Kimongolia wakitaka kujua kila moja ina maana gani. Kazi yangu ni kuchunguza mazulia na vitambaa vya sufu, na swali hilo mimi hulijibu kwa kuanzia kwenye sufu yenyewe. Katika kazi bora za wafugaji wa Mongolia, pambo halikai bure. Lina mzigo linalobeba.

Kila unyoya wa kondoo una magamba madogo mno. Ukilowa, ukasuguliwa na kukandamizwa, magamba hushikana na ya manyoya mengine yasiachane tena. Hiyo ndiyo felti, kitambaa kisichofumwa. Ndugu na majirani hukusanyika kuitengeneza. Sufu hupigwa kwa fimbo mpaka ichambuke, ikatandazwa juu ya felti kuukuu iitwayo mama, ikanyunyiziwa maji. Kisha vyote huviringishwa kwenye mti mrefu, vikafungwa kwa ngozi na kukokotwa na farasi mbugani, huku na huko. Felti inayotoka humo ni binti wa ile kuukuu. Hunyunyiziwa maziwa, na dua humwombea binti huyo awe mweupe kama theluji na mgumu kama mfupa. Nakshi haijawekwa hata moja, na tayari kitu hicho kina ukoo.

Lakini felti tupu haistahimili kukanyagwa. Hunyumbuka na kuchakaa. Ili iwe zulia, shirdeg, matabaka yake hushonwa pamoja kwa uzi wa manyoya ya ngamia, kila pindo la sindano likivutwa mpaka sufu ibonyee. Mshono huo ndio unaochora. Katikati unaweza kukuta ulzii, fundo lisilo na mwanzo wala mwisho, lililokuja na Ubuddha na kutakia maisha marefu. Pembezoni hupita alkhan khee, mstari unaojikunja kwa pembe za mraba na kuendelea bila kukatika, au mikunjo ya pembe za kondoo, ambayo ni kuombea mifugo iongezeke. Kwa hiyo aliyeshona baraka ameshona pia uimara.

Ufundi huu ni wa kale. Kwenye makaburi ya Waxiongnu, wafugaji wa kuhamahama wa kale, huko Noyon Uul, milima ya kaskazini mwa Mongolia, yaliyochimbuliwa na msafara wa mpelelezi Mrusi Kozlov mwaka 1924 na 1925, lilipatikana zulia la felti la takriban miaka 2,000, lenye wanyama wakipigana na uwanda mzima ulioshonwa kwa mizunguko. Sasa lipo kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, Saint Petersburg, Urusi. Mizunguko ile bado inanisisimua kuliko wale wanyama.

Hema la wafugaji wa Mongolia, ger, ambalo ufundi wake UNESCO iliuorodhesha mwaka 2013, linafuata mantiki hiyohiyo: hakuna kinachokaa bure. Mlango hutazama kusini. Toono, duara la juu linaloshika miti ya paa, hutoa moshi na kuingiza jua, na doa la mwanga linalotembea ukutani lilikuwa saa ya familia.

Ndiyo maana ulzii iliyochapishwa kwa rangi juu ya felti ya kiwandani hunisikitisha: fundo lipo, ila halijafunga chochote. Ukitaka kununua shirdeg, ligeuze. Mchoro uonekane na upande wa chini, na ukipitisha kidole usikie mabonde ya uzi.