Je, wajua kwa nini rais wa Marekani hawezi kuchaguliwa mara ya tatu?

Wengi huamini kwamba ukomo wa mihula miwili uliwekwa na waasisi wa Marekani walipoandika Katiba mwaka 1787. Sivyo. Katiba ile ilisema muhula wa rais ni miaka minne, ikaishia hapo. Aliyependwa na wapiga kura angeweza kugombea hadi uzee umshinde. Ukomo uliingia kwenye Katiba mwaka 1951, na aliyeusababisha alikuwa kaburini tayari: Franklin Delano Roosevelt, rais wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtu pekee aliyechaguliwa mara nne kuiongoza nchi hiyo.

Kabla yake marais walizuiwa na desturi tu. George Washington alikataa muhula wa tatu mwaka 1796, na uchovu ulichangia sana. Alitamani kurudi shambani kwake Mount Vernon. Aliyeigeuza hiari hiyo kuwa kanuni ni Thomas Jefferson, ambaye alipoombwa aendelee alionya kwamba urais usio na kikomo, hata ukiitwa wa miaka minne, mwishowe utakuwa wa maisha. Waliofuata wakaheshimu, ingawa si wote walipenda. Jenerali Ulysses Grant alikaa mihula miwili, akapumzika, akataka kurudi mwaka 1880. Wajumbe wa chama chake cha Republican walipiga kura raundi 36, kisha wakamteua James Garfield. Theodore Roosevelt, ndugu wa mbali wa Franklin, alijaribu mwaka 1912. Huko Milwaukee akapigwa risasi na mtu aliyesema waziwazi kwamba anapinga muhula wa tatu. Risasi ilipunguzwa nguvu na kurasa za hotuba zilizokunjwa mfukoni, na mzee akahutubia kwanza ndipo akakubali kupelekwa hospitali. Uchaguzi alishindwa.

Franklin aliingia madarakani Machi 1933, wakati uchumi umeanguka na karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi. Alitumia fedha za serikali kuwaajiri watu kujenga barabara, shule na mabwawa, akaanzisha pensheni ya wazee, na mwaka 1936 akashinda majimbo 46 kati ya 48. Ushindi ule ulimlevya kidogo. Mwaka uliofuata, akikasirishwa na Mahakama Kuu iliyokuwa ikizifuta sheria zake, alitaka ruhusa ya kuongeza hadi majaji sita wapya. Bunge lilimkatalia, tena wabunge wa chama chake mwenyewe cha Democratic wakiwamo. Kuanzia hapo, waliomwita dikteta mtarajiwa walikuwa na kielelezo cha kuonyesha.

Hata hivyo, bila Hitler huenda angeondoka mwaka 1940 kama wenzake. Maktaba ya kuhifadhi nyaraka zake ilikuwa imekwisha kujengwa nyumbani kwake Hyde Park, New York. Lakini tarehe 14 Juni 1940 Wajerumani waliingia Paris, Ufaransa ikasalimu amri, Uingereza ikabaki karibu peke yake. Mwezi mmoja baadaye wajumbe wa Democratic walikutana Chicago bila kujua kama rais wao anagombea au la.

Kilichotokea ukumbini humo kinastahili kusimuliwa, maana ni siasa tupu. Seneta Alben Barkley alisoma ujumbe wa rais: hana hamu ya kuendelea, wajumbe wako huru kumpigia yeyote. Kimya kikatanda. Ghafla vipaza sauti vikaanza kunguruma, “Tunamtaka Roosevelt!” tena na tena, wajumbe wakaamka na mabango, shangwe zikaendelea kwa muda mrefu. Sauti ile haikutoka kwa mjumbe. Ilitoka chini ya ukumbi, ambako msimamizi wa mifereji ya maji taka ya jiji, mtu wa Meya Edward Kelly, alikuwa amekaa na maikrofoni yake. Magazeti yakaiita sauti kutoka kwenye maji taka. Rais alikuwa amesema hataki, na watu “wakamlazimisha”.

Mpinzani wake, mfanyabiashara Wendell Willkie, aliufanya muhula wa tatu kuwa hoja kubwa ya kampeni. Haikutosha. Wapiga kura waliogopa kubadilisha nahodha huku Ulaya ikiwaka moto, na Roosevelt akachukua majimbo 38. Mwezi Desemba 1941 Wajapani wakashambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani rasmi.

Mwaka 1940 mimi naweza kuutetea. Mwaka 1944 ni mgumu zaidi. Mwezi Machi mwaka huo daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimpima Roosevelt akakuta shinikizo la damu liko juu sana na moyo umeanza kushindwa kazi. Wananchi hawakuambiwa. Walikuwa wamezoea kufichwa mengi kuhusu mwili wake. Polio ilimpooza miguu tangu 1921, na wapigapicha waliombwa wasimpige akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wakubwa wa chama waliomwona kwa karibu walihisi hatamaliza muhula, ndiyo maana walipigana kumwondoa makamu wake Henry Wallace na kumweka Harry Truman. Kwa hiyo wakubwa hao walimchagua rais ajaye kwa kujua, na mamilioni wakampigia kura bila kujua.

Alimshinda Thomas Dewey kwa majimbo 36. Februari 1945 alisafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin, akiwa amekonda kiasi cha kuwashtua waliomwona. Tarehe 12 Aprili, huko Warm Springs, Georgia, mshipa wa damu ulipasuka kichwani, akafariki akiwa na miaka 63. Truman, makamu wa siku 82, akaapishwa jioni ile ile, na akaelezwa kwa kina habari za bomu la atomiki baada ya hapo.

Uchaguzi wa wabunge wa 1946 uliwapa Warepublican mabunge yote mawili, na walipoanza kazi Januari 1947 kuweka ukomo wa mihula kwenye Katiba kulikuwa kati ya mambo ya kwanza. Walisema wanailinda nchi dhidi ya utawala wa maisha, na wengine walimaanisha kweli. Lakini kulikuwa na kisasi pia, kwa mtu aliyewashinda mara nne mfululizo na sasa hawezi kujibu. Warepublican wote waliopiga kura katika Baraza la Wawakilishi waliunga mkono. Waliwapata pia Wademokrat 47, wengi wao wa Kusini, ambao walikuwa wamechoshwa na siasa za Roosevelt. Majimbo yaliridhia polepole kwa karibu miaka minne, na idadi iliyotakiwa, 36, ikatimia tarehe 27 Februari 1951.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Marekebisho hayo ya 22 ya Katiba hayakumgusa Truman, maana yalimwacha rais aliyekuwa madarakani. Wa kwanza kufungwa nayo alikuwa Mrepublican, Dwight Eisenhower, jenerali aliyependwa sana, aliyelazimika kuondoka baada ya mihula miwili. Ronald Reagan, Mrepublican mwingine, alisema hadharani kwamba ukomo huo ufutwe kwa ajili ya marais wajao. Kero yake inaeleweka: rais wa muhula wa pili huongea na wabunge ambao wote wanajua tarehe atakayofungasha virago.

Kuna nafasi ndogo iliyoachwa. Anayerithi kiti katikati ya muhula, akautumikia kwa miaka isiyozidi miwili, bado anaweza kuchaguliwa mara mbili, hivyo kukaa hadi miaka kumi. Lyndon Johnson, aliyemrithi Kennedy Novemba 1963, alikuwa na haki hiyo mwaka 1968, lakini vita vya Vietnam vilimchosha akajitoa. Mapendekezo ya kuufuta ukomo wote yameletwa bungeni mara nyingi na kuishia kwenye makabati; yangehitaji theluthi mbili ya kila bunge, kisha majimbo 38 kati ya 50.