Msaidizi wa mwanapatholojia: mtu anayeikata nyama kabla daktari hajaisoma

Mtu akitolewa uvimbe au kipande cha utumbo anaambiwa nyama imepelekwa maabara, subiri majibu, na wengi tunadhani huko kuna daktari anaichukua anaiweka kwenye hadubini anaangalia basi. Haiwezekani. Kinachoangaliwa kwenye hadubini ni chembamba kuliko karatasi, sasa utumbo wa sentimita 30 utauweka vipi pale? Lazima mtu akae nao kwanza, aupime, aukate, achague vipande vidogo vya kutengenezea slaidi, vile vioo vyenye nyama vinavyowekwa kwenye hadubini. Marekani na Kanada huyo mtu mara nyingi ndo msaidizi wa mwanapatholojia, kwa kifupi PA, toka Kiingereza pathologists' assistant. Mwanapatholojia mwenyewe ni daktari bingwa anayesoma ugonjwa kwenye nyama na kusaini majibu.

Kwenye hiyo PA ndo watu wanapochanganya, maana kuna PA mwingine maarufu zaidi, physician assistant, yule anayeona wagonjwa na kuandika dawa akishirikiana na daktari. Hawa ni watu wawili tofauti, shule tofauti, mtihani tofauti. Na wala sio yule fundi wa maabara anayekata slaidi na kuzipaka rangi, yule anapokea kazi PA akishamaliza.

Sasa tuchukue utumbo mpana wenye saratani. Umekuja kwenye chombo chenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, PA anaanza na jina, la kwenye chombo na la kwenye fomu yafanane, ndo aguse kitu. Anapima urefu, anaangalia nje, halafu anapaka wino pale ambapo kisu cha upasuaji kilipita, na huo wino hautoki, nyama itapitishwa kwenye dawa, itazamishwa kwenye nta, itakatwa, na bado utaonekana kwenye hadubini, kwa hiyo mwanapatholojia akikuta seli za saratani zimegusa wino anajua huenda kuna saratani imebaki mwilini. Baada ya hapo anaufungua, anapima uvimbe, anaangalia umezama kiasi gani kwenye ukuta wa utumbo na uko mbali kiasi gani na ncha zote mbili, na yote hayo anayaeleza kwa maneno yanaingia kwenye ripoti. Vipande anavyochagua, vya unene wa milimita 3 hivi au 4, vinaingia kwenye kaseti ndogo za plastiki zenye namba.

Halafu inakuja sehemu ambayo mimi naona ndo roho ya hii kazi, kutafuta tezi za limfu, vile vinundu vya kinga ya mwili ambako saratani inaweza kusambaa. Zimejificha kwenye mafuta yaliyoshikana na utumbo, nyingine ndogo kama punje ya mchele, huzioni kwa macho, unayaminya mafuta kwa vidole taratibu mpaka usikie kitu kigumu kidogo, unakikata, unatazama. Kwa saratani ya utumbo mpana zinatakiwa zikaguliwe angalau 12. Ukiridhika na 5 na zote ziko safi, mgonjwa anaweza kuambiwa saratani haijasambaa kumbe ile yenye ugonjwa imebaki kwenye mafuta, na matibabu yanapangwa kwa kufuata hizo tezi. Mwanapatholojia hawezi kusoma kitu ambacho hakijawekwa kwenye slaidi, yaani mtu asikwambie hii ni kazi ya kukatakata tu.

Titi lenye saratani nalo lina saa zake, linatakiwa liingie kwenye formalini ndani ya saa 1 tangu litolewe, likae humo sio chini ya saa 6 wala zaidi ya 72, la sivyo vipimo vya vipokezi vya homoni, vinavyoonyesha kama saratani inachochewa na homoni, vinaweza kudanganya. Na kuna kazi za haraka, mgonjwa bado yuko mezani kifua wazi, nyama inagandishwa kwenye mashine yenye baridi ya kama nyuzi 20 chini ya sifuri, inakatwa, inapakwa rangi, daktari anasoma, lengo ni ndani ya dakika 20 jibu lirudi chumba cha upasuaji. PA wengine pia wanafanya uchunguzi wa maiti. Ila kutaja ugonjwa kwa mwisho, hapana, hiyo ni ya daktari.

Kazi hii ilianza kufundishwa rasmi Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1969, na chama chao kikaundwa 1972. Siku hizi unaingia na digrii ya kwanza yenye baiolojia na kemia ya kutosha, unasoma masta ya kama miaka 2, mwaka wa kwanza darasani na maabara, anatomia, histolojia (nyama ya mwili inavyoonekana kwenye hadubini), patholojia, wa pili unazungushwa hospitalini unakata nyama halisi ukisimamiwa, ukimaliza unafanya mtihani wa cheti. Vyuo ni vichache na nafasi zake ni za kugombania. Uingereza kazi inayofanana na hii wanaifanya wanasayansi wa maabara waliosomea zaidi, wala hawaitwi PA.

Kama unaifikiria, usianze na fomu, omba kwanza ukasimame siku moja kwenye chumba wanachokatia, harufu ya formalini, miguu inauma, kisu mkononi muda wote na hakuna mgonjwa wa kukushukuru. Ukitoka hapo jioni bado unataka kujua ile tezi ya 12 ilipatikana wapi, tuma maombi.